Kutoa tinti kwenye taa za GX110: nimejaribu kila kitu, hii ndo ripoti yangu

Wadau nilinunua GX110 mwezi wa tatu, Toyota Mark II ile ya 2002, injini 1G, bodi safi, viti havijachanika, kasoro yake moja tu, taa za nyuma nyeusi tii. Dogo aliyeniuzia alizipiga spreyi ya smoki, anasema gari ikiwa hivo inakaa kikubwa. Mchana ukiitazama kwa mbali inapendeza sikatai, ila usiku ukikanyaga breki aliyeko nyuma yako anabaki kubahatisha. Wiki ya kwanza tu nikakoswakoswa na bajaji mara mbili barabara ya Mandela, mara ya pili dereva akashuka kabisa akaniuliza "braza, hii gari yako ina taa kweli?" Nikamwomba aingie akanyage breki mi nisimame nyuma niangalie, jua la saa kumi jioni, aisee sikuona kitu. Nikamwambia kanyaga, ananiambia nimekanyaga hapa.

Balbu ya nyuma ya gari hizi ni ile ya nyuzi mbili, wati 5 ya parking na wati 21 ya breki, na tofauti ya mwanga kati ya hizo mbili ndo inamwambia mtu wa nyuma kwamba unasimama. Sasa ukishapaka giza juu yake zote mbili zinafanana, mtu anaona kitu chekundu kwa mbali basi, hajui kama unaenda au umesimama. Wengine wanakwambia weka LED kali, mi nikasema sasa naziba dirisha afu nanunua taa kubwa ya kumulika ukutani, ya nini?

Afu kuna afande mmoja akanipiga mkono Tabata, akazunguka gari, akarudi na ile mashine yake. Elfu 30. Nikapewa kontroo namba nikalipa, wala sikubishana maana hata mi nilikuwa namuona ana haki.

Sasa hapa ndo review inaanza, na naanza na kibaya kabisa ili mtu akiacha kusoma hapa awe keshaokoa taa zake.

TINA. Nilienda kwa fundi rangi mmoja, simtaji wala sitaji gereji yake, akaangalia akacheka, "boss hii dakika kumi tu". Akachukua kitambaa, akakilowesha tina ile ile anayochanganyia rangi, akafuta taa ya kushoto. Na kweli bana, weusi unatoka kama masizi kwenye sufuria, mi nimesimama pale nimefurahi napiga na picha. Dakika mbili nyingi ile sehemu nyeupe ya rivasi ikaanza kuwa na ukungu, nikamwambia fundi mbona inakuwa kama kioo cha bafuni, ananijibu "itakaa sawa ikikauka boss". Ikakauka. Haikukaa sawa. Ile sehemu nyekundu nayo ikawa haing'ai, ukipitisha kidole unahisi inanata kidogo. Nikamzuia asiguse taa ya kulia, nikampa elfu 10 yake nikaondoka, na kesho yake asubuhi natoka kwenda kazini nakuta nyufa nyembamba kama nywele zimetokea kuanzia pembeni karibu na pale taa inapobanwa na nati. Jana hazikuwepo.

Nilikasirika nikaanza kusoma. Kumbe hiki tunachokiita kioo cha taa sio kioo, ni plastiki, na plastiki zenyewe sio moja. Taa za mbele za magari ya miaka hii ni polikaboneti, ngumu, haivunjiki ovyo hata ikipigwa na kokoto. Taa za nyuma mara nyingi ni akriliki, ile ile wanayotengenezea mabango ya maduka. Chomoa taa yako uangalie pembeni kwenye maandishi madogo yaliyochongwa humo humo kwenye plastiki, ya kwangu imeandikwa PMMA, hiyo ni akriliki, ukikuta PC hiyo ni polikaboneti. Yaani jibu lilikuwa kwenye taa yenyewe na hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kunionyesha.

Na sababu ya kuharibika ni nyepesi tu ukiambiwa. Spreyi ya tinti ni rangi, laka nyeusi iliyochujuka ili mwanga upite kidogo, na kitu chochote chenye nguvu ya kuyeyusha ile laka kwa sekunde mbili kina nguvu ya kuyeyusha na akriliki iliyo chini yake, hakijui kusimama mpakani. Tina ikishamaliza rangi inaendelea na taa. Zile nyufa nazo zinatokea kwa sababu plastiki ina sehemu zilizojikaza tangu kiwandani na pale inapofungwa nati, dawa ikiingia hapo inafungua, na haifunguki saa hiyo hiyo, inaweza kusubiri mpaka wewe umeshalala. Ndo maana fundi anakwambia mbona imetoka vizuri, na kweli wakati anakwambia ilikuwa vizuri.

Tina naipa 0 kwa 10. Ningeweza kutoa chini ya hapo ningetoa.

Basi nikasema ya kulia siigusi mpaka nimefanya majaribio kwanza. Nikaenda kwa mzee mmoja anauza skrepa, shikamoo mzee, marahaba, natafuta kipande cha taa ya nyuma ya Toyota hata kiwe kimevunjika, akaniangalia kama nimechanganyikiwa, cha kufanyia nini? Nikamweleza. Akachimba kwenye rundo akanipa nusu ya taa nyekundu elfu 3. Nikanunua na kopo la spreyi ya smoki? Hapana sikununua, dogo aliyeniuzia gari alikuwa bado na kopo lake limebaki chini, akanipa bure na akaniuliza kama nataka kupiga na za mbele. Nikapaka ile nusu taa makoti mawili, nikaianika juani wiki nzima, nikaigawa vipande kwa maskingi tepu, kila kipande dawa yake. Mke wangu anapita anasema wenzako Jumamosi wanaangalia mpira.

Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, nilichukua matone tu kwenye pamba. Tinti ikatoka, na pamba nayo ikabaki imenata kwenye taa. Nilivyoivuta ikaacha manyoya, sehemu imekuwa nyeupe na imelainika. Hii ni mbaya kuliko tina, 0, na usiiweke hata karibu na taa ya mbele maana polikaboneti nayo haiivumilii.

Petroli, kila mtu kijiweni anakwambia petroli. Nikaloweka kitambaa nikafunika nusu saa. Tinti haikutoka ya maana, ikawa tu na mabaka, na chini yake akriliki imepoteza mng'ao. Kwa hiyo hata kazi haifanyi na bado inaharibu, tuseme 1 kwa sababu inapatikana kila mahali hahaha.

Spiriti, hii ya duka la dawa, nilifuta fasta fasta bila kuloweka. Haikuharibu kitu, ila tinti iliyokauka wiki nzima juani iliicheka. Labda mtu amepaka jana usiku leo asubuhi kajuta, hapo inaweza kukusaidia, lakini hata hivo usiiache ikae juu ya akriliki, futa utoke. Mi nimeipa kazi nyingine ntaisema mbele, 5.

Dawa ya meno. Hapana. Dawa ya meno ni msasa laini sana kwenye krimu, inaweza kung'arisha taa iliyofifia kidogo ikapendeza siku ya picha, kwenye tinti unapoteza Colgate ya watoto. Na wale wa dawa ya mbu ya kujipaka, ile yenye DEET, najua mmeona video mtu anapaka kwenye taa ya mbele iliyopauka ikawa kama mpya, ile inayong'aa pale ni plastiki imelainishwa juu kwa juu na DEET, baada ya muda inarudi na inarudi vibaya zaidi. Sijaijaribu na sina mpango.

Dawa ya kusafishia oveni nayo inatajwa sana na watu wa nje. Ile kali ina kostiki soda. Kwenye laka inafanya kazi, ila polikaboneti haipatani na alikali kali hata kidogo, na pia ndani ya taa kuna ile sehemu inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa nyembamba mno, kostiki ikipenya kwenye upenyo wa balbu au mpasuko ikaigusa inaila. Utatoa tinti upate taa safi nje na ndani imekuwa ya kijivu, haitupi mwanga tena. Mi nina taa yenye nyufa, niache tu.

Sasa MAFUTA YA BREKI. Hapa nakaa kidogo maana ndo yaliyonishangaza. DOT 3 ya kawaida, nusu lita elfu 7. Fundi yeyote anajua mafuta ya breki yakidondokea bodi yanakula rangi, ndo hiyo hiyo tunaitaka, ila kwenye akriliki yanaenda polepole kuliko tina kwa hiyo unapata muda wa kuangalia na kuyaondoa. Kwenye kile kipande cha skrepa nilipaka kwa brashi ya zamani, nikaacha dakika kumi na tano, tinti ikaanza kukunjamana kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Nikafuta kwa kitambaa, ikatoka vipande vipande. Nikarudia mara ya pili. Nikaosha kwa maji mengi na sabuni ya vyombo. Nikaacha siku tatu nikawa nakiangalia kila asubuhi kama mgonjwa, hakuna nyufa, hakuna ukungu.

Nikachomoa taa ya kulia, hii kazi usifanye taa ikiwa kwenye gari jamani, ni kufungua buti, unatoa lile kapeti la pembeni, nati za spana 10, unachomoa soketi za balbu, taa mkononi. Nikaziba matundu ya balbu kwa maskingi tepu ili kisiingie kitu ndani. Nikapaka DOT 3. Koti la juu likakunjamana vizuri, likatoka. Nikafurahi. Nikapaka tena. Haitoki. Nikapaka tena, nusu saa. Haitoki! Nikampigia dogo aliyeniuzia gari, ananiambia kwa kujisifu kabisa "aah ile nilipiga spreyi koti tatu, afu nikampa fundi akapiga klia ya kuchanganya na hadina, halafu baadaye nikaongeza spreyi tena juu." Yaani nilichotoa ni koti la juu tu, chini kuna klia ya hadina ile wanayopiga magari, ambayo ikishakauka inakuwa ngumu, mafuta ya breki yanaishia kuilainisha kidogo tu. Na mi siwezi kuendelea kuloweka taa kutwa nzima maana dawa yoyote ukiipa muda mrefu inaanza kuzoeana na plastiki.

Kwa hiyo mafuta ya breki nayapa 7 kama taa yako ya nyuma ni akriliki na imepigwa spreyi ya kopo peke yake, na 3 kama kuna klia. Na kama taa ni PC usiyasogeze. Vaa glovu, na angalia unapofanyia, mi tone moja lilidondoka kwenye mdomo wa buti nikalipuuza nikaendelea na kazi, narudi kufuta rangi imevimba kadoa ka ukubwa wa punje ya mchele. Kapo mpaka leo.

Hapo ndo nikabaki na MSASA WA MAJI, ambao kusema ukweli ningeanza nao, ila nilikuwa naogopa. Akili inakataa, mtu unaanzaje kusugua taa na msasa. Lakini fikiria hivi, msasa hauna kemikali, haupenyi popote, unatoa ulichosugua tu, na unasimama ukiacha kusugua. Namba ya msasa ikipanda ndo unazidi kuwa laini. Nilinunua namba 800, 1000, 1500 kwa elfu moja mia tano kila karatasi, na 2000 na 3000 elfu mbili mia tano kila moja, hizi mbili za mwisho nilizitafuta mtaa wa Gerezani kule Kariakoo maduka matano, wengi wanaishia 1500 na wanakwambia inatosha. Haitoshi.

Unaloweka msasa kwenye ndoo yenye maji na matone ya sabuni ya vyombo kama nusu saa, unaukunja kwenye kipande cha sponji gumu ili vidole visichimbe mifereji, unasugua kwa mstari mmoja tu, tuseme kushoto kulia, maji yanatiririka muda wote. Na 800 maji yanatoka meusi kama wino. Unasugua, unamwagia, unaangalia. Mi nilikuwa naogopa nitajuaje nimefika kwenye taa yenyewe, kumbe taa inakwambia, maji yanabadilika kutoka nyeusi kuwa ya waridi, hiyo ni akriliki nyekundu imeanza kusagika, acha hapo hapo hamia sehemu nyingine. Sehemu ya rivasi ambayo haina rangi maji yanakuwa kama maziwa. Hii ni kitu kidogo ila ndo ilinipa moyo, baada ya hapo nilikuwa nasugua naangalia maji tu, taa siangalii.

Baada ya 800 taa inatisha, imepauka yote, mke wangu alipita akasema "si ungeacha ile nyeusi". Usikate tamaa hapo. Unapanda 1000 na sasa unabadili mwelekeo, juu chini, mpaka mistari yote ya kushoto kulia ya 800 imepotea, ukiona hata mmoja umebaki rudi, maana mstari wa 800 ukiuacha hautatoka na 2000 hata usugue mpaka Krismasi. 1500 unageuza tena. 2000 tena. 3000 mwisho, na hapo taa inakuwa kama imepumuliwa mvuke, sio nyeupe tena. Kila ukihama namba osha kila kitu na ubadilishe maji, chembe moja ya 800 ikibaki kwenye ndoo unaanza upya, nazungumza kama mtu aliyeanza upya.

Ile taa ya kulia ilinichukua masaa matatu na nusu. Kwenye kona na pale kwenye mikunjo nilikuwa natumia kidole na kipande kidogo, polepole, maana ncha zinaliwa haraka. Kabla ya kuhamia polishi nikafuta na ile spiriti mara moja fasta kutoa vumbi na mabaki ya sabuni, ndo kazi niliyosema naipa.

Msasa wa maji 9 kwa 10. Moja nimeitoa kwa ajili ya mabega yangu.

Polishi nilijaribu mwenyewe kwa mkono na rabing kompaundi, ile krimu ya kung'arishia rangi ya gari, nikasugua robo saa, ikang'aa nusu nusu. Hapa ndo nikakubali kumtafuta mtu mwenye mashine, na hii sasa ni review ya huduma. Kuna kijana ana meza yake pembeni ya sehemu ya kuosha magari huku kwetu Tabata, kazi yake kung'arisha taa tu na vioo vya simu mara mojamoja. Nimefika na taa zangu mbili kwenye mfuko wa Rambo, kabla hajashika mashine akaniuliza maswali matatu, "kaka hii umetoa na nini, ilipigwa klia, na hii ya kushoto nani kaifanya hivi?" Nikamwambia tina. Akatikisa kichwa akasema ya kushoto ukungu utatoka ila hizo nyufa zipo ndani, hazifutiki, sitaki baadaye useme mimi ndo nimepasua. Mi hapo hapo nikajua nimefika kwa fundi, mtu anayekwambia kitakachoshindikana kabla hujalipa ni wachache sana mjini hapa.

Alivyofanya kazi. Alianza na ya kushoto, akaipiga 1000 na maji kutoa ile ngozi iliyoungua na tina, akapanda kama nilivyoeleza, akafika 3000. Afu sponji la mashine na kompaundi, mwendo mdogo, na kila baada ya sekunde chache anaweka kiganja juu ya taa. Nikamuuliza unasikilizia nini, anasema joto, akriliki ikipata moto inalainika na kompaundi inajizika humo, kuna wenzake wanaweka spidi ya mwisho kama wanapolishi boneti, taa inatoka na mawimbi. Ananyunyizia maji kidogo, anaendelea. Saa moja na robo taa zote mbili. Elfu 25.

Ya kulia imetoka kama imetoka kwenye boksi, sitanii, nimeiweka pembeni ya gari la jirani ambaye taa zake hazijawahi kuguswa na yangu imeng'aa zaidi. Ya kushoto ukungu umeisha kabisa, rivasi inaonekana mpaka balbu ndani, ila ukisogea karibu na jua likiwa pembeni unaziona zile nyufa kama nyuzi za buibui kwenye kona. Alizipaka silikoni kwa nje kwenye ukingo maji yasipenye, hakuniongeza hela. Mvua ya mwezi wa nne ilipiga vya kutosha na mpaka sasa sijaona mvuke ndani. Huduma naipa 9, ningempa 10 ila aliniambia njoo saa nne asubuhi nikamkuta amefika saa sita, bila hata simu.

Hesabu: msasa 9,500, mafuta ya breki 7,000, skrepa 3,000, spiriti 4,000, maskingi tepu 2,000, kijana wa polishi 25,000, na ile 10,000 ya kuharibiwa. Jumla 60,500. Jozi ya used kutoka Japani niliambiwa 180,000 Gerezani na moja ilikuwa na ufa. Ukiondoa vitu ambavyo nilinunua kwa ajili ya kujaribu na yule fundi wa tina, kazi yenyewe ni kama elfu 36.

Watu wameniuliza kuhusu taa za mbele, jirani anazo zimepigwa njano. Msasa unafanya kazi ile ile, ila kuna tofauti kubwa moja. Polikaboneti yenyewe haipendi jua, kiwandani inapakwa koti gumu la juu la kuikinga na miale, na ukipiga msasa unatoa tinti pamoja na hilo koti. Akriliki ya nyuma inavumilia jua yenyewe kwa hiyo ukipolishi umemaliza. Ya mbele ukipolishi ukaacha, kwa jua hili la kwetu itapauka upya haraka na utalaumu fundi. Lazima ipakwe klia ya hadina yenye kinga ya miale au ibandikwe filamu safi ya kukinga taa, kwa hiyo kabla hujampa mtu taa za mbele muulize baada ya msasa unapaka nini, akikwambia "napaka waksi inatosha" mshukuru uondoke. Yale maboksi ya 3M ya kung'arishia taa yanayofungwa kwenye drili yapo mjini, diski za 500, 800 na 3000 zipo ndani, ni mazuri kwa taa iliyopauka, ila angalia kama boksi lako lina na koti la mwisho la kukinga maana sio yote yanalo.

Na kama tinti yako sio spreyi ila ni ile stika nyeusi ya kubandika, we una bahati, usiguse msasa. Draya ya nywele, pasha moto wa kawaida huku unasogeza isikae sehemu moja, nyanyua kona kwa ukucha, sio kisu, vuta taratibu kwa kulaza. Gundi inayobaki paka mafuta ya kula, alizeti au nazi, acha nusu saa, sugua na kidole, osha na sabuni. Nilimfanyia shemeji kwenye IST yake, dakika arobaini, hakuna mkwaruzo hata mmoja, na nikalipwa pilau.

Yule dogo aliyeniuzia gari nilikutana naye juzi, akazunguka nyuma, akaguna, "umeifanya gari ya mwalimu". Mi ni mwalimu kweli.

Mafuta ya breki yamebaki kama nusu chupa, yapo stoo. Kuna mtu ameniambia niyaongeze kwenye gari yasipotee, hapana, kifuniko kilikaa wazi wiki nzima na DOT 3 inanyonya unyevu wa hewani, na Dar hii hewa yenyewe unaweza kuikamua. Kama kuna mtu Tabata ana taa ya nyuma yenye spreyi ya kopo bila klia, na imeandikwa PMMA, aje ayachukue bure.